Sikio la Inspekta

Osewe alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai pale Gatina, mguu mmoja juu ya mwenzake na chapati mkononi, alipomwona mbwa upande wa pili wa barabara akitikisa kichwa. Mbwa wote hutikisa kichwa. Huyu alitikisa mara tatu, akaketi, akainua mguu wa nyuma na kujikuna sikio la kushoto mpaka akaguna, kisha akabaki ameinamisha kichwa upande mmoja kama mpangaji anayesikiliza umbeya wa jirani ukutani. Baada ya muda mfupi akaanza upya.

Chapati ilibaki hewani. Wanaomjua Osewe wanasema ni mambo mawili tu yanayoweza kumsahaulisha chakula: polisi, na mnyama mgonjwa ambaye anayemfuga hajui anaumwa nini.

Mbwa alikuwa wa haja. Mgongo mweusi, miguu ya rangi ya kahawia, masikio yamesimama kama ya wale mbwa wa polisi, ndiyo maana mtaa ulimwita Inspekta. Alikuwa mbele ya bucha moja iliyopakwa nyekundu na nyeupe, na mwenye bucha, mama wa makamo aliyeitwa Mwongeli, alikuwa akimtupia jicho la wasiwasi kila alipomaliza kupasua mfupa.

Osewe hakuwa daktari wa wanyama, ingawa Kianda nzima, alikoishi, walimwita Dokta. Alikuwa amefanya kazi miaka minne katika kliniki moja ya wanyama upande wa matajiri, akifagia na kusaidia hapa na pale, mpaka siku mkubwa wake alipomkuta akitoka getini na chupa za dawa ya minyoo ndani ya gambuti zake. Lakini miaka minne si haba kwa mtu mwenye macho. Alitoka huko akijua kwamba mbwa anayekohoa kama aliyekabwa na mfupa kooni, na huku anakula na kucheza, mara nyingi ana kikohozi cha kuambukizana tu, kitakachomwacha akipumzishwa. Alijua kwamba mtoto wa mbwa mwenye tumbo kama ngoma na mbavu kama ngazi ana minyoo, na kwamba fizi zikiwa nyeupe kama chaki, basi kuna kitu kinamnyonya damu, na cha kwanza kutafutwa ni kupe. Ngozi iliyonyonyoka manyoya ikakauka kama gome la mti alijua ni upele, na upele unatibika. Na alijua pia asichokiweza. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu, Osewe hakumgusa hata kwa fimbo. Alimwambia mwenye mbwa amkimbize kwa daktari wa kweli, kwa sababu mgonjwa akikufia mikononi, huna tena cha kuuza.

Maana biashara yake ilikuwa hivi. Akiona mnyama mzuri mwenye ugonjwa mdogo, anaupa ugonjwa huo jina refu na kumwambia mwenye mnyama kwamba hauna tiba na unaambukiza. Mwenyewe anatetemeka. Osewe, kwa huruma yake, anajitolea kumchukua mnyama huyo akamlaze mbali kwa amani, kwa malipo kidogo. Kisha anampeleka nyumbani, anamtibu kwa dawa ya bei rahisi, anamwogesha, anamfunga utepe shingoni na kumuuza kando ya barabara ya Lavington kwa watu wenye magari makubwa. Alilipwa kumzika na akalipwa tena kumfufua. Hata wachungaji wanaoombea wafu hawajafikia hapo.

Basi alimaliza chapati, akavaa koti lake jeupe alilolinunua soko la Toi, ambalo zamani lilikuwa la mwoka mikate, akavuka barabara.

Hakumsalimia Mwongeli. Alichuchumaa mbele ya Inspekta kana kwamba ameitwa, akampapasa kidevu, akainua mdomo wa juu akatazama fizi. Zilikuwa za waridi, safi kabisa. Akavuta kope la chini. Hakuna tatizo. Kisha akakunjua sikio la kushoto, na humo ndani akaona alichokitarajia: nta nyeusi, kavukavu, kama kahawa inayobaki chini ya kikombe, na harufu ya kitu kilichosahaulika ndani ya sufuria. Wadudu wa sikio. Ni wadogo kiasi kwamba jicho huwapata kwa shida, na mbwa huwaokota kwa paka anayelala naye. Kusafisha, matone ya dawa, wiki tatu, basi.

Osewe alitikisa kichwa polepole kama mhubiri mbele ya jeneza.

"Mama, huyu amekuwa hivi tangu lini?"

"Kama mwezi," Mwongeli alisema. "Nilidhani ni maji yameingia nikimwogesha. Wewe ni nani?"

"Ni Dokta Osewe. Nilikuwa napita tu. Hii si maji, mama. Inaitwa otodektosisi."

Jina hilo lilikuwa la kweli, alilisikia kliniki, lakini alilitamka kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Akaeleza kwamba ugonjwa huo unaanzia sikioni na kushuka kwenye ubongo, na kwamba mbwa akishaanza kuinamisha kichwa hivyo, hesabu siku. Mwongeli akauliza kama kuna dawa. Ng'ambo, labda. Akauliza kama watu wanaweza kuupata. Hapo Osewe akaitazama nyama iliyoning'inia, akaitazama tena, akanyamaza kidogo. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye si mtu wa kuharibia mtu riziki, lakini watu wa afya wakisikia kuna otodektosisi mlangoni pa bucha, sijui.

Mwongeli alifuta kisu kwa kitambaa. Akauliza kama daktari anaweza kumchukua. Daktari anaweza, kwa pesa kidogo ya mafuta na ya sindano ya usingizi. Mama akafikiri, akasema mbwa huyo amekaa naye miaka mitano, apewe mpaka Alhamisi aagane naye.

"Ni sawa, mama. Lakini usichelewe," alisema Osewe, akatoka akiwa na furaha kiasi kwamba alikuwa karibu kupiga mluzi.

Hapo ndipo ilipotokea ajali ndogo. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa hatua chache kutoka bucha, kando ya kibanda cha mboga cha dada mmoja aliyeitwa Nduta. Nduta alikuwa amepakata paka wa madoa, na kwa nyuma ya kijiko alikuwa anasaga tembe ndani ya kifuniko cha chupa. Paka alikuwa na macho yaliyogandana kwa tongo, pua inachuruzika, anapiga chafya juu ya sukuma wiki. Osewe aliuliza, kwa mazoea tu, tembe hiyo ni ya nini. Nduta akasema ni parasetamoli, nusu tu, paka ana homa na hajala siku mbili.

"Weka hiyo chini."

Nduta aliinua macho. Hata Osewe mwenyewe alishangaa, maana sauti hiyo hakuwa ameitumia siku nyingi.

"Paka hawezi hiyo dawa," alisema. "Hata nusu. Hata robo. Inamharibia damu, fizi zinageuka rangi ya udongo, na kesho utakuwa unatafuta jembe. Mbwa pia, dawa za watu usimpe kwa kubahatisha."

Akachuchumaa, na safari hii hakuwa anaigiza. Alimtazama paka fizi, akatega sikio kifuani, akasikia pumzi inaingia na kutoka bila kukwaruza. Akamwambia Nduta hiyo ni mafua ya paka tu. Amfute macho na pua kwa pamba na maji vuguvugu yenye chumvi kidogo sana, amlaze pasipo na upepo. Achemshe dagaa wa omena ampe mchuzi ukiwa wa moto kiasi, kwa sababu paka hula kwa pua kabla ya mdomo, na pua ikiziba anaona chakula ni mawe. Asipokula kufikia kesho jioni, au akianza kuhema mdomo wazi, asingoje, ampeleke kwa daktari. Na akipona achanjwe. Nduta akauliza anamdai nini. Osewe akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akapanda pikipiki akaondoka, akijiona mjinga kidogo kwa kufanya kazi ya bure mchana kweupe.

Kisu cha bucha kilikuwa kimenyamaza kwa muda mrefu. Osewe hakuliona hilo kuwa jambo.

Alhamisi alirudi. Inspekta alikuwa amelazwa juu ya gunia ndani ya bucha, amefunikwa leso kuanzia mabegani hadi mkiani kama mgonjwa wa wodini, kichwa tu ndicho kilichoonekana. Mwongeli alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha daktari kigoda kwa kidole, akaendelea kuongea. Hapana, alikuwa anasema, Jumamosi haiwezekani, yule wa mtaa wa Karen ametangulia. Hata wiki ijayo imejaa. Ndiyo, najua mbwa wako ni wa kizungu, lakini na huyu wa kwangu ni mmoja tu, hawezi kujigawa.

Alipokata simu alivuta pumzi kama mtu aliyechoka na mali. Akasema ameamua mbwa aondoke, lakini anaumia roho, maana hawa watu atawaambia nini. Osewe akauliza, bila haraka, watu gani. Basi Mwongeli akaeleza kwamba Inspekta ana mbegu. Tangu mama mmoja wa Karen alete jike lake likazaa watoto kumi, wote wamesimama masikio, matajiri hawampi nafasi ya kupumua. Wanaleta majike yao kwenye magari yenye viyoyozi, wanalipa kabla, na watoto wakizaliwa anachagua mmoja wa kwake.

"Bucha hii ni ya kupitisha siku tu," alisema. "Mtoto wangu amesomeshwa na huyu mbwa."

Osewe alikuwa amekuja kuchukua mbwa wa kuuza mara moja. Sasa alikuwa anatazama kiwanda. Akajikaza, akakohoa, akasema kwamba ugonjwa bado ni ugonjwa. Mwongeli akakubali kabisa. Ndiyo maana, akasema, amewaza amwite daktari mwingine Jumatatu, wa serikali, atoe maoni ya pili.

Hapo mjanja wetu akabanwa upande mmoja na tamaa, wa pili na hofu. Daktari wa serikali angekunjua sikio, angecheka, angeandika matone, na kiwanda kingebaki Gatina. Osewe akafungua kinywa kabla hajajua kitatoka nini, na kilichotoka ni kwamba yeye yuko tayari kumnunua.

Mwongeli aliweka kisu chini.

"Daktari, nani hununua maiti?"

"Ni utafiti, mama. Sayansi inahitaji wagonjwa kama hawa."

Mama alikataa. Akakataa tena. Akakumbuka miaka mitano. Akafuta jicho kwa pembe ya aproni, na alipomaliza kulifuta akataja bei ambayo, kwa maiti, ilikuwa ya maiti ya mfalme. Osewe alijaribu kuishusha, ikashuka kidogo kama gari lililowekewa breki. Siku hiyo hiyo alasiri alimuuzia pikipiki yake Wekulo, fundi wa Kawangware aliyekuwa akiimezea mate tangu zamani, akarudi bucha kwa miguu na pesa mfukoni.

Mwongeli alizipokea, akatoa daftari la shule. Akasema mwandiko wake ni mbaya, daktari amsaidie kuandika maneno mawili, ili kesho mtu asije akasema hakuambiwa. Osewe, aliyependa sana kuandika kwa kalamu ya watu wengine, akaandika kama mama alivyomtajia: kwamba yeye Dokta Osewe amempima mbwa huyu kutoka pua hadi mkia na kuona hali yake yote, kwamba amemnunua kwa hiari yake, na kwamba kwa sababu ya ugonjwa mbwa huyo hatarudi tena Gatina. Akatia sahihi yenye mikia mitatu. Nduta aliitwa kuwa shahidi. Alikuja na paka wake begani, macho ya paka yamefunguka, safi kama mtoto anayepelekwa kanisani, na akamshukuru daktari mbele ya wateja wote. Osewe alishuka kwenda Kianda na Inspekta kwa kamba, akifikiri kwamba dunia ina watu wema wengi.

Katika barabara ya kwenda Olympic kulikuwa na agrovet ya Caren, duka la dawa na chakula cha mifugo. Caren alikuwa mzaliwa wa Siaya, amesomea afya ya mifugo na cheti chake amekitundika ukutani juu ya magunia ya chakula cha kuku, na alikuwa hodari, hana maneno mengi. Osewe alikuwa amemwambia kwamba mbwa anaowanunulia dawa ni wale waliotupwa, anawaokota kwa huruma. Kwa hiyo Caren alimpunguzia bei, na mara nyingine, duka likiwa tulivu, alimsogezea kiti. Osewe alikuwa amekaa kwenye viti vingi maishani, vya polisi vikiwemo, lakini kile cha plastiki cha agrovet ndicho alichokiwaza akilala.

Caren alitazama sikio akampa dawa. Alimkumbusha asafishe kwa pamba na asiingize kijiti ndani, atie matone akande sehemu ya chini ya sikio mpaka asikie maji yakicheza, na asikatishe dawa kwa sababu tu mbwa ameacha kujikuna, maana mayai ya wadudu huanguliwa baadaye. Osewe alifuata yote. Alimlisha Inspekta kuliko alivyojilisha. Wiki ya kwanza kichwa kilisimama wima, ya pili mbwa aliacha kujikuna, na ya tatu alikuwa anatembea katikati ya Kianda kama aliyetumwa na serikali.

Osewe akatangaza kwenye simu yake kwamba ana dume la kupandisha, picha nne. Siku ya pili alipigiwa na mwanamke wa Kileleshwa aitwaye Audrey, mwenye jike la jamii hiyo hiyo, lililoitwa Malkia. Wakapatana Jumamosi asubuhi, uani nyuma ya ploti aliyopanga chumba. Na kwa kuwa mtu hupenda aonekane siku ya ushindi wake, Osewe akamwalika Caren, akamwambia kuna mbwa mmoja aliyemwokota ambaye sasa ataanza kujitegemea.

Malkia alishuka kwenye gari akiwa amechanwa manyoya. Alimzunguka Inspekta, akamnusa, akampa mgongo, akasogeza mkia pembeni kwa namna ambayo hata kuku wa uani walielewa. Inspekta alimtazama kama askari wa barabarani anavyotazama gari lenye karatasi zote. Kisha akalala.

Osewe alicheka, akasema ni aibu ya mara ya kwanza. Wakangoja. Akamwinua, akamsukuma taratibu. Inspekta alimlamba Malkia puani kwa adabu, akaenda kunywa maji. Audrey akaangalia saa. Osewe akaanza kueleza athari za hali ya hewa kwa madume, na ndipo Caren alipoinuka, akazunguka nyuma ya mbwa, akainua mkia, akainama.

"Osewe, ulimpima huyu mbwa?"

"Kutoka pua hadi mkia."

"Na mkia ulifika?"

Caren akamwita aje aone mwenyewe. Palipopaswa kuwa na kitu hapakuwa na kitu, ila mstari mwembamba wa kovu lililopona miaka mingi.

"Huyu alihasiwa zamani," Caren alisema. "Huyu ni shemeji tu."

Ni lazima sasa ielezwe jambo ambalo Osewe hakuwahi kumwambia mtu. Kule kliniki kazi yake ilikuwa kushika kichwa. Miaka minne, mnyama akiwekwa mezani, Osewe aliambiwa shika kichwa, na alikishika vizuri, akatazama macho, fizi, pua na masikio ya nusu ya mbwa wa Nairobi. Yaliyokuwa yakiendelea upande wa pili yalikuwa ya daktari. Hakuwahi kwenda huko, na haikumpitia akilini kwamba kunaweza kuwa na habari.

Audrey alicheka mpaka akaegemea gari. Alimshukuru kwa asubuhi njema, akampakia Malkia akaenda zake. Caren hakucheka. Aliuliza mbwa ametoka wapi hasa. Osewe akaanza uongo wa kwanza, ukakatika katikati, akaanza wa pili nao ukamfia mdomoni, na kwa kuwa hakubakiwa na wa tatu, alisema ukweli, wote, pamoja na wale wengine waliofufuliwa Lavington. Caren alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua mkoba wake akaondoka bila neno. Osewe angependelea atukanwe.

Jumatatu alipanda Gatina kwa miguu na Inspekta kwa kamba, hasira imemjaa mpaka kooni. Bucha ilikuwa imebadilika. Kulikuwa na friji mpya ya vioo, ndefu, taa ndani, nyama imepangwa kama vito. Inspekta alimponyoka, akaingia akazunguka miguu ya Mwongeli akilia kwa furaha, kisha akajilaza chini ya kaunta mahali pake pa zamani.

Osewe alisema yote aliyokuja nayo. Alisema ametapeliwa. Alisema ataenda polisi. Mwongeli alimwacha amalize, akamkatia mteja robo kilo, akamfungia, ndipo akajibu. Alisema polisi si mbali, na akitaka atampa ile karatasi aende nayo, wakaone mahali alipojiita daktari kwa mkono wake mwenyewe. Mbwa huyo alimpata kwa afande mmoja aliyestaafu akarudi kwao, tayari amekatwa. Na ile simu siku ya Alhamisi haikuwa na chaji.

Osewe akauliza alijuaje. Hicho ndicho kilichokuwa kikimla usiku na mchana. Alitaka kujua alikosea wapi.

"Hukukosea," Mwongeli alisema. "Hiyo otodektosisi yako niliiamini. Nililia, hata. Halafu nikakuona hapo nje na paka ya Nduta. Nikasema, mtu anajua tembe moja inaweza kuua paka, na anajua paka inakula na pua. Huyu anashindwaje kujua sikio linawasha?" Akafuta kisu. "Ungekuwa mjinga, ningekusamehe. Lakini wewe unajua. Ulijua, na ukanitazama machoni."

Osewe alisimama akisikiliza friji ikinguruma, na ilimjia kwamba mngurumo huo ni wa pikipiki yake. Kisha, kwa sababu ambayo hata yeye hakuielewa, alianza kucheka. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na alipakwa na mtu aliyejua kupaka. Mwongeli naye akatabasamu kidogo, upande mmoja. Lakini Osewe alipoomba amwachie mama mbwa, kwa kuwa amepona na anapapenda hapa, mama alisoma karatasi kwa sauti, pale panaposema hatarudi tena Gatina, akamfungia mifupa ya kutosha, akamrudishia kamba mkononi. Akasema mbwa anayelindwa na mtu anayejua ugonjwa wake ana bahati.

Njiani kushuka Osewe hakuwaza mpango wowote, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu kubalehe. Alipofika agrovet alikusudia kupita upande wa pili wa barabara. Lakini mlangoni palikuwa na vurugu. Mlinzi mmoja aitwaye Mbithi alikuwa amekumbatia shingo ya mbwa mnene wa rangi ya mchanga, na Caren, glavu mkononi, alikuwa anahangaika upande wa nyuma, mbwa akizunguka kama mlango uliolegea bawaba. Mbithi alimwambia Osewe, bila kuulizwa, kwamba mbwa huyo ana wiki mbili anajiburuza makalio sakafuni, na wamempa dawa ya minyoo mara tatu haijasaidia.

Caren aliinua macho, akamwona. Alimtazama Osewe, akamtazama Inspekta na furushi la mifupa. Hakusema karibu, wala hakusema ondoka. Alisema anahitaji mikono mingine miwili, na inayojua mbwa.

Osewe alimfunga Inspekta kwenye nguzo. Miguu yake, kwa mazoea, ikampeleka mbele, akanyoosha mikono kushika kichwa.

"Kichwa kina mwenyewe," Caren alisema. "Wewe njoo huku."

Alimrushia glavu. Akamweleza, kwa sauti ya mwalimu ambaye hajaamua kama mwanafunzi atabaki darasani, kwamba si kila anayejiburuza ana minyoo. Chini ya mkia kuna vifuko viwili, huku na huku, vinavyojaa majimaji, na visipojimwaga vyenyewe humwasha mbwa na hata kutunga usaha. Dawa yake si tembe. Dawa yake ni kuvikamua kwa vidole, taratibu, na anayekamua asisimame nyuma ya mbwa moja kwa moja, na afunge mdomo.

"Kwa nini nifunge mdomo?" Osewe aliuliza.

"Utajua."

Mbithi aligeuza uso. Wateja wawili waliokuwa wakinunua chakula cha kuku walirudi nyuma hatua tatu. Osewe alivaa glavu ya kushoto, akavaa ya kulia, akamtazama Caren kuona kama kuna dalili yoyote ya huruma, hakuiona, akavuta pumzi ndefu, akaizuia, akainua mkia.